Sungura wa Hester

Hester Pruett wa Ludlow aliugua mapafu akiwa msichana, akawa hatoki nyumbani. Babake alimnunulia nakala ya kitabu cha sala cha zama za kale, kila ukurasa umepigwa picha pamoja na madoa yake. Aliisoma miaka na miaka kando ya dirisha, mvua ikinyesha taratibu, hata akawa kama anasikia kalamu ya mtawa aliyekiandika zamani ikikwaruza ngozi ya kurasa zake.

Alipona nywele zimeshaingia mvi, akaenda maktaba ya kanisa kuu kukiona kitabu chenyewe. Mtunzaji, Bwana Thurlow, alikifungua polepole. Ukurasa alioupenda kuliko zote ulikuwa mtupu.

"Pole, mama. Maji yaliingia kabla sijazaliwa. Hatujui palichorwa nini."

Hester akatoa nakala yake mkobani. Pale pale, kwenye picha iliyopigwa kabla ya maji kuingia, palikuwa na mchoro wa sungura anayepuliza tarumbeta.

"Ala! Umeitoa wapi hii?"

"Nimelala nayo tangu usichana. Usinionee wivu."

Thurlow akacheka, akamvutia kiti. Waliinama pamoja juu ya vitabu viwili, na Hester akamsomea, kwa sauti ya chini, maneno yaliyokuwa yamefutika.