Jiwe Lililokunywa Maji

Msimu wa mvua unapokaribia, mawe ya vilima vya Kambove hutoa harufu ya vumbi la moto na chuma, na harufu hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Nilikuwa na miaka kumi. Mama mdogo Ngalula, aliyefundisha biolojia mjini Likasi, alinichukua likizo ile twende kutafuta likeni, vile viumbe vikavu vinavyoganda kwenye mawe na magome ya miti kama mabaka ya rangi. Alitaka kujua ni aina gani zinazostahimili vumbi la machimbo. Alinionyesha kuwa ya kijivu hukaa kwenye magome, upande unaopigwa na mvua, na ile ya kijani iliyofifia hung'ang'ania jiwe tupu.

Alikuwa ameinama akikwangua jiwe kwa kisu, wachimbaji watatu walipotuzunguka. Wiki hiyo watu walikuwa wamepigana kwa masururu wakigombea mshipa wa shaba, na machoni pao ule ukijani haukuwa kitu kingine ila shaba, ambayo mawe yake nayo huwa ya kijani. Mkubwa wao alinyakua kisu na mfuko wetu wa vipande vya likeni.

"Mama, shaba iko wapi? Onyesha tu."

"Haiko shaba, papa. Ni kitu yenye uzima."

"Unatuona bajinga?"

Mwenzake aliinua sururu. Nilijibanza nyuma ya mama mdogo, nikang'ang'ania kitenge chake. Yeye hakurudi nyuma. Alichukua chupa yetu ya maji, akamimina kidogo juu ya baka moja kavu. Sote tukatazama. Taratibu likalainika, likawa kijani kibichi kama jani changa.

"Mulishaka kuona shaba inakunywa maji?"

Mkubwa alilibonyeza kwa kidole, akakinusa. Mwishowe akatupa mfuko miguuni petu. "Mwende. Mutoto asirudi huku." Kisu alibaki nacho. Tuliteremka bila kukimbia, kwa kuwa mama mdogo alinikataza. Lakini kila baada ya hatua chache aligeuka kutazama nyuma yetu.

Siku hizi mimi ndiye ninayepeleka wanafunzi vilimani. Kilima kile kimekuwa shimo, kwa hiyo tunakwenda mbali zaidi. Simu zao zikiipiga picha likeni hutaja jina lake kabla sijafungua mdomo, nao huinama papo hapo juu ya jiwe wakishangilia. Mimi huinama wa mwisho, nikishatazama nyuma yetu.