Ndago za Bustani ya Ranchi

Jambo la kwanza nililoliona kwa Munyiva ni kwamba hakusimama bila kuegemea kitu. Asubuhi ya safari yetu, mwezi uliopita, Oktoba 2004, aliegemea mlango wa kanisa, kisha bega langu, kisha basi lenyewe. Umri wake ulikuwa umepita sitini, na tangu mumewe afariki alilima, alichota maji na kulea wajukuu peke yake huko Kalama.

Nilikuwa nimetoka chuo mwaka huu, nikafanywa katibu wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Tulialikwa kutazama nyumba ya zamani ya ranchi moja nje ya mji wa Machakos. Wenzake walitaka kuona vyumba na picha za walowezi. Munyiva alifuata mchungwa. Baba yake, Ndeti, alitunza bustani ile, na ndiye aliyeupandikiza mchungwa huo juu ya mlimau Munyiva akiwa bado msichana. Mche uliotokana na mti huo, uliokuwa nyumbani kwake, ulikauka kwa ukame wa mwaka 2000. Sasa alitaka kijiti kimoja tu chenye macho ya kuchipua, apandikize tena kabla mikono haijamshinda.

Tuliukuta nyuma ya jikoni, umepinda lakini una majani. Munyiva aliuegemea, akafumba macho.

"Wewe, huo mti ni wa watu, usiuangushe!" Kalekye, mmoja wa akina mama, alimtania.

"Niache. Huu tunajuana."

Msimamizi wa nyumba, Bwana Henry, alituandalia chai na mkate barazani, kisha akaingia ndani. Shida ilianzia hapo. Mwanamwethya hali chakula cha mwenyeji bila kumfanyia kazi, na mwenye ombi hutanguliza jasho lake. Kwa ajili ya Munyiva, akina mama walijifunga leso viunoni, wakaingia kung'oa magugu kwenye tuta lililo kando ya mchungwa.

"Watu wako na nyumba ya mawe na ndago imewashinda!" Kalekye alisema aking'oa. "Ona vile imenona huku chini!"

Henry alipotoka, tuta lilikuwa jeupe, halikubaki jani.

"Jamani, hayo ni maua! Mwenye nyumba ameyapanda mwenyewe, anangoja mvua yachanue!"

Munyiva alisema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kukuomba kijiti cha huu mchungwa."

"Kijiti? Leo, mwaitu, mama yangu?"

Munyiva alipiga magoti, akaanza kurudisha ile mizizi ya maua, minene kama vitunguu, udongoni, mmoja mmoja. Nasi tukapiga magoti. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Kazi ilipokwisha Munyiva hakuweza kuinuka, ikabidi Henry amshike mkono, naye akamwegemea.

"Yakichanua nitampigia katibu simu," Henry alisema hatimaye. "Uje na kisu chako. Yasipochanua, mimi na wewe tutafukuzwa pamoja."

"Mimi nilishafukuzwa kazi na magoti, mwanangu."

Mvua imeanza kunyesha wiki hii. Kila siku ya soko Munyiva hupita kwangu, huegemea mlango na kuuliza, "Henry amepiga?" Bado hajapiga. Mlimau wa kupandikizia umeshika vizuri, na kisu amekinoa.