Mkwe Alianza Ubani

"Hata mbwa wa jirani ana jina," Shigeki akasema. "Mimi tangu niingie hapa ni mkwe tu. Mkwe njoo, mkwe beba. Leo mzee kafa, bado mkwe?"

"Sasa tukuiteje, mfalme?" Babu mdogo Tamotsu, ndugu wa marehemu babu, alikuwa anafunga tai nyeusi. "Kumfukizia marehemu ubani ataanza Naoya. Yeye damu. Wewe kaa nyuma na wakwe wenzako."

Naoya ni mimi. Shigeki ni baba yangu wa kambo. Baba mzazi alipokufa, babu Kanbei hakuwa na mtoto wa kiume wa kumwachia karakana ya miso, rojo ya soya iliyochachushwa, hapa mjini Suwa, ndiyo akamtafutia mama, binti yake, mume wa kuja kukaa kwetu. Shigeki akaacha jina la kwao, akawa Ushiyama kama sisi. Kapika soya na kubeba mapipa mpaka mgongo umepinda. Babu alipougua, yeye ndiye aliyemlisha uji na kumwosha. Hata leo kuna mchele kauvundika uote ukungu wa kuchachushia miso mpya, na mchele ule hausubiri msiba.

"Kwetu nilishafutwa kwenye daftari la ukoo," Shigeki akasema. "Hata kaburi sina kule. Kama hapa siyo mtoto, mimi nani?"

"Fundi," Tamotsu akajibu. "Fundi analishwa."

Mama akamvuta Shigeki mkono. "Baba Naoya, wageni wanasikia."

"Wasikie."

Mtawa wa Kibudha akaanza kusoma sala mbele ya picha ya babu, tukaingia, tukapiga magoti. Zamu ya ubani ikafika. Tamotsu akanisukuma mgongoni. Sikunyanyuka. Siyo kwamba nampenda Shigeki, jana tu kaniita kupe. Ila huyu Tamotsu hakuja hata siku moja kumgeuza babu kitandani.

Shigeki akasimama, akatupita wote. Akachukua ubani kwa vidole, akaudondosha kwenye kaa la moto, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nyuma minong'ono. Tamotsu akamkamata koti.

"Rudi nyuma, mkwe."

Shigeki akautoa ule mkono taratibu, akaitazama picha ya babu. "Baba, mchele umeshapata joto. Usipogeuzwa sasa hivi utaharibika." Kisha akamgeukia Tamotsu. "Au utaenda wewe, mwenye damu?"

Tamotsu akaishika tai yake.

Shigeki akavua koti jeusi, akanitupia mapajani, akakunja mikono ya shati na kuelekea karakana.