Muulizaji wa Mazikoni

Wasomaji wangu, wacha nijifedheheshe mwenyewe kabla watu wa mtaani hawajanitangulia. Wiki iliyopita nilikwenda mazikoni hotelini. Spika ya msikiti ilitangaza kifo cha mtu niliyejuana naye miaka mingi, na mimi, ambaye safari yangu ndefu kwa kawaida ni ya kutoka kitandani hadi barazani, nikavaa kanzu kwa pupa na kutoka kabla mtangazaji hajasema maiti anatolewa wapi. Nisikilize cha nini, nyumba yake si naijua! Nikakata vichochoro hadi mtaa wa Malindi, nikafika kwenye mlango ule mkubwa, nikaona watu hawapo, nikajisifu kwamba leo nimewahi. Nikajibanza kwenye ukingo wa baraza, katikati ya vyungu vya maua, nikawa navuta uradi kimyakimya. Wageni wawili wenye kaptula wakanipiga picha. Mwishowe mlinzi akaniinamia kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Unamsubiri mgeni gani?"

"Marahaba. Namsubiri maiti."

Yule bwana akarudi nyuma, akachungulia ndani, akanitazama tena. "Mzee, hapa hatuna maiti. Hapa hoteli."

Naam, hoteli, na nimeijua kuwa ni hoteli tangu ndugu walipogawana urithi wakaiuza, marehemu akahamia Fuoni. Lakini hakuhama kweli. Kila siku alirudi mjini kukaa kwenye baraza ya nyumba aliyozaliwa, mpaka wenye hoteli wakaipangia vyungu ili pasikalike. Akavuka kichochoro, akakaa baraza ya pili, akaendelea kuutazama mlango wake. Kwangu mimi alibaki mtu wa mlango ule, na siku ya kufa kwake miguu yangu ilinipeleka huko, akili nimeiacha nyumbani. Nilipofika makaburini Mwanakwerekwe talkini ishasomwa, kaburi lishamwagiwa maji, watu wanakung'uta kanzu zao. Sikuwahi kutia hata konzi moja ya udongo.

Marehemu alikuwa na kazi ambayo hakuna aliyemwajiri: kutafuta habari za mtaa wetu. Nani alijenga nyumba ipi, nani alipanga, nani aliondoka usiku mmoja asirudi tena. Na pa kuzitafutia palikuwa mazikoni. Alisema watu wa Mji Mkongwe tumetawanyika, huyu Fuoni, yule Uroa, mwengine Dar, na hatukutani tena ila pakiwa na maiti. Kwa hiyo sisi tukisubiri kahawa, yeye husogea kwa mzee aliyetoka shamba, humshika mkono, humpa pole, kisha polepole: "Hivi nyie na marehemu mnakutana wapi kiukoo?" Tulimtania sana. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Sheikh, leo umekuja kuzika au kufukua?" Naye hunijibu, "Nyie zikeni. Mie nshazoea kufukua." Hakuandika kitu. Alidai mtu akiona kalamu hubadilisha maneno, na kumbe alikuwa akijiwekea yote kichwani, kichwa ambacho sasa kiko chini ya mchanga.

Siku moja tumekaa kwenye ile baraza ya pili, mtembeza wageni akasimama mbele ya mlango na kundi lake. Mimi na Kiingereza changu cha kidato cha nne nikamfasiria mwenzangu: anasema chumba cha juu alikuwa akilala binti mfalme. Marehemu akacheka hadi machozi. "Binti mfalme! Humo mama yangu akiweka papa wake mkavu." Kisha kicheko kikamkatikia. "Na chumba cha chini, karibu na kisima? Hakuna anayekisemea." Chumba hicho ndicho ambamo sasa wageni wanakandwa kwa mafuta. Wakaazi wa juu alishawapata wote, na ukoo wao hadi Maskati. Wa chini hakuwapata. "Walikuwamo," alisema. "Waliteka maji, walipika, walilea watoto wa juu. Mmoja wao ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Harufu ya kanga yake naikumbuka, jina lake silijui. Mtu kakubeba mgongoni, hujui hata umuombee dua kwa jina gani!" Hilo jina ndilo alilokuwa akilitafuta mazishi baada ya mazishi. Mengine yote yalikuwa njia tu ya kulifikia.

Akaja kwetu. Nakaa na mama yangu, ambaye alikulia kichochoro kile na ni mkubwa kuliko marehemu. Akamuamkia, akanywa chai, akasifu mkate wa kumimina, halafu akauliza, "Bi Mkubwa, kile chumba cha kisimani, walikaa kina nani?" Mama alitazama sakafu. Nje alipita muuza samaki, akapiga pembe yake, akaenda zake. "Chai yako inapoa, mwanangu," alisema mama, akamsogezea kikombe. Mlangoni, jirani yetu akifagia pake, marehemu akanishika bega. "Mamako anajua. Lakini mimi hatoniambia. Mimi ni mtoto wa juu. Muulize wewe." Nikamwambia nitamuuliza, inshaallah, ile inshaallah yetu ya kumuondoa mtu mlangoni.

Siku ya kuzikwa kwake nilikaa matangani Fuoni nikisubiri mtu aulize: huyu marehemu kwao hasa wapi, na nani alimlea? Hakuuliza mtu. Kulia kwangu walikuwa wanazungumza mpira, kushoto wanalaumu umeme. Ameondoka bila ya lile jina, na mazishi yake yakawa ya kwanza ambayo hakuna aliyefukua kitu. Mji huu tunautunza sana, msidhani. Milango tunaisugua, misumari ya shaba tunaing'arisha, kuta tunazipaka chokaa ikibanduka. Tunavitunza vile visivyosema, na wale wanaoweza kusema tunawapelekea chai tukaondoka, maana wakisema huenda tukajua tulitokea chumba kipi. Marehemu alitaka kujua hata kama jibu litamuaibisha yeye na watu wake wa juu. Mimi sijui kama nataka. Hilo ndilo nililojifunza, na si somo la kujivunia.

Niliporudi nyumbani nilimkuta yule jirani yetu, Bi asiyejua kupaka maneno asali, anachagua mchele mlangoni pake. Nikamsimulia kisa cha hoteli, na mlinzi, na vyungu vya maua, nikitaraji atacheka. Hakucheka. Aliokota chuya, akaitupa, akasema bila ya kuinua macho: "Umemngoja maiti mlangoni asubuhi nzima, na mamako yumo humo ndani, yu hai, hujamuuliza kitu. Au unangoja na yeye atangazwe kwenye spika?"