Nafasi ya Nildo

Ukipita mtaani kwetu Guamá asubuhi utaona kibendera chekundu kimetundikwa mlangoni pa Bi Oscarina, na hapo utajua asai ya siku hiyo, rojo la matunda ya mti wa jamii ya mnazi, iko tayari. Anayesimama nyuma ya mashine ya kuisagia ni mwanawe Josenildo, ambaye sote tunamwita Nildo. Mikono yake ina rangi ya zambarau mpaka karibu na viwiko, maana tunda lile likishaingia kwenye ngozi halitoki kwa sabuni. Humimina asai nzito kwenye mfuko, akaufunga fundo, akakuuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu. Watoto wa shule humjia na madaftari kabla hawajamjia na mabakuli, kwa sababu anajua kueleza hesabu mpaka mtoto akadhani ameigundua mwenyewe.

Siku moja mtoto mmoja alimuuliza, "Kaka, mbona wewe hukwenda chuo?"

"Nilikwenda," Nildo akasema. "Nilifika mpaka kwenye foleni."

Mtoto alicheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli langu, na sikucheka, kwa kuwa alichosema kilikuwa kweli tupu.

Bi Oscarina ni dada wa mama yangu, kwa hiyo kwangu yeye ni mama mkubwa, na Nildo ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyetangulia kupata chuo katika ukoo wetu. Nilisomea ualimu. Yeye alitaka tiba, na hapa Belém hakuna kozi inayogombaniwa kama tiba. Wanaoipata wengi ni watoto waliosoma shule za kulipia, kisha wakakaa tena mwaka mzima au miwili kwenye vituo vya kuwaandaa kwa mtihani. Nildo alisoma shule ya serikali iliyo nyuma ya soko, na kwa mtihani alijiandaa dukani. Kitabu kilikuwa juu ya gunia la unga wa muhogo, na mashine ikinguruma pembeni.

Majina ya waliochaguliwa husomwa redioni. Siku ile mtaa mzima ulinyamaza. Mama mkubwa alikuwa ameiweka redio dirishani na kuiinamia kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mtangazaji alipofika kwenye tiba, nafasi za mgawo wa wanafunzi wa shule za serikali, akasoma, "Josenildo Pantoja Furtado."

Kwetu aliyechaguliwa hushangiliwa kwa mayai na unga, na yai la kwanza alipasuliwa kichwani na mama yake mwenyewe. La pili na la tatu sijui yalitoka kwa nani. Ukaja unga wa ngano, ikaja rangi nyekundu ya mchuzi, na jirani yetu Bwana Valdeci akaja na mashine yake ya kunyolea, kwa maana kijana aliyechaguliwa habaki na nywele.

"Tulia, daktari," Valdeci alimwambia. "Nikikukata sikio utalishona mwenyewe."

"Hajasoma hata siku moja, atalishonaje?" mtu akauliza.

"Basi ataanza na sikio."

Watu walicheka, na Nildo naye alicheka. Lakini jioni ile, unga ukiwa bado umemganda nyuma ya masikio, aliniuliza polepole, "Dada Neide, redio huwa inakosea?"

"Inakosea nini?"

"Majina."

"Hata kwenye tovuti ya chuo jina lako lipo. Tumeliona sote."

"Basi labda waliosahihisha."

Nilidhani ni furaha inayotafuta pa kukaa. Nilimwambia akaoge.

Siku chache baadaye alikuja mteja, mama mmoja wa barabara ya juu ambaye mwanawe alikuwa amekosa nafasi. Alikitazama kile kichwa kilichonyolewa, akatabasamu. "Hongera, kijana. Kwa nafasi za mgawo, siyo? Vizuri. Serikali inawasaidia sana."

Mama mkubwa hakuacha kumimina. "Mgawo haufanyi mtihani, mama. Mtihani kaufanya mwanangu. Asai unataka nzito au ya kati?"

Sote tuliosikia tuliona kuwa yule mama amejibiwa. Nildo alibaki na yale maneno ya kwanza tu. Siku hiyo hiyo alikitoa kijitabu cha maswali ya mtihani alioufaulu, akakaa kwenye meza ya nyuma, akaweka saa mbele yake na kuufanya upya. Nilipokwenda kumchungulia alikuwa amemaliza kujisahihisha.

"Unaona?" akasema. "Haya hapa nimekosa, na siku ile niliyapata. Maana yake siku ile nilibahatisha."

"Maana yake leo umechoka, una njaa, na nje wanapiga muziki."

"Daktari hawezi kumwambia mgonjwa kwamba alikuwa na njaa, dada."

Aliurudia tena, na akaurudia tena. Kila akikosea swali alilikumbuka, na kila akipatia alisema ni kwa sababu ameshaliona. Nilimweleza kila nilichofundishwa kuhusu mitihani na hofu. Nilisema vizuri, nilitoa na mifano. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu anayeeleza njia ya kwenda mahali usikokwenda.

Mama yake hakuyajua hayo. Alikuwa amemkataza kugusa mashine. "Mikono ya daktari hiyo," alisema, akawa anafanya kazi peke yake huku wateja wamepanga foleni hadi nje, na Nildo amekaa kwenye kiti kama mgeni. Kila aliyeingia aliambiwa, "Msalimie daktari." Nildo aliniambia baadaye kwamba kila alipoitwa hivyo alijihisi kama amevaa shati la mtu, na mwenyewe yuko njiani kuja kulidai.

Siku ya kujisajili walikwenda pamoja. Wanaojisajili tiba walipewa siku hiyo moja tu, na asiyefika nafasi yake hupewa mwingine. Getini mlinzi alisema wazazi wabaki nje. Mama mkubwa akakaa kwenye ukuta mfupi karibu na geti, akaweka mwavuli miguuni, akamtengeneza ukosi na kumwambia, "Nenda, baba. Nipo hapa."

Yaliyotokea ndani aliyenisimulia ni Nildo mwenyewe, na sina sababu ya kumtilia shaka.

Foleni ilikuwa ya vichwa vilivyonyolewa. Vyeti vyake vyote alikuwa navyo, vimepangwa vizuri. Nyuma yake alisimama kijana mmoja mpole, akamuuliza alijiandaa kituo gani.

"Nilisoma dukani kwetu," Nildo akasema.

"Dukani? Ndugu yangu, wewe ni hatari. Mimi nimerudia mara tatu, na nilikuwa nasoma kutwa nzima, na juu yake mwalimu wa kuja nyumbani."

Kijana yule alisema kwa nia njema kabisa. Nildo aliniambia ingekuwa afadhali angemtukana. Kama mtu wa namna ile, mwenye walimu wa namna ile, alihitaji mara tatu, basi yeye aliyepata mara moja juu ya gunia la unga amepata kwa kosa fulani. Na kosa hugunduliwa. Litagunduliwa darasani, au mbele ya mgonjwa, na mama yake atakuwa ameshawaambia watu wote.

Akamwambia yule kijana, "Pita tu. Kuna karatasi naitafuta."

Hakukuwa na karatasi aliyokuwa akiitafuta. Alitaka tu apumue kidogo. Kijana akapita. Akaja msichana na dada yake, Nildo akawapisha. Akaja mwingine. Kila aliyefika nyuma yake alipishwa kwa adabu, na kila mmoja alimshukuru. Nilimuuliza kama aliamua kutojisajili. Akasema hapana, hakuamua kamwe. Kila alipompisha mtu alijiambia kwamba huyo ndiye wa mwisho, anayefuata ni yeye. Mvua ikanyesha, ikakatika. Waliokuwa mezani wakaanza kufunga makabati. Mmoja akainua macho, akauliza kama kuna mwingine, na Nildo alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni.

Mama yake alisimama kutoka ukutani. Nguo zilikuwa zimemlowa upande mmoja.

"Tayari?"

"Tayari," akasema Nildo.

Mama mkubwa akambusu kwenye upara mbele ya mlinzi, na mlinzi akampongeza.

Baada ya hapo Nildo aliishi na neno lile moja. Alisema alitaka kumwambia kila asubuhi, na kila asubuhi palikuwa na mteja wa kumpongeza. Mimi mwenyewe nilimuuliza masomo yanaanza lini. "Bado," akanijibu, nami nikaridhika.

Kisha redio ikasoma orodha ya pili, ya wale wanaochukua nafasi za wasiofika. Hapo ndipo tuliposikia kelele kutoka nyumba ya kona, kwa fundi cherehani. Binti yake Tainara, aliyekuwa amekosa mara ya kwanza, ameitwa. Tiba, shule za serikali.

Mama mkubwa alizima mashine, akabeba trei la mayai na kwenda mbio, aproni ikiwa bado kiunoni. Sote tulimfuata. Nildo alikuja nyuma yetu, akasimama ukutani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota, fupi kama brashi.

"Mwanangu atakuwa mwenzako darasani," Mama mkubwa alimwambia Tainara huku akimpasulia yai utosini. "Akikusumbua njoo uniambie mimi."

Tainara alikuwa akicheka na kulia. Yai lilimtiririka mpaka shingoni. "Nafasi ilikuwa moja tu, mama. Wameniambia kuna mtu hakwenda kujisajili."

"Moja tu?" Mama mkubwa akachota unga kwa mikono miwili. "Sasa huyo ni mpumbavu wa wapi? Na mama yake sijui alikuwa wapi. Angekuwa wangu ningemburuta kwa sikio. Haya, Mungu ambariki, katuletea sherehe."

Watu wakacheka. Nilimwona Nildo akitoka ukutani. Alimshika mama yake mkono, akamvuta kando, karibu na nilipokuwa nimesimama.

"Mama."

"Ngoja kwanza."

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ambaye hakujisajili."

Mama mkubwa alikuwa bado anatabasamu. "Usinitanie, Nildo, nina mayai mkononi."

"Nilikaa kwenye foleni nikawa nawapisha watu. Mpaka wakafunga."

Nilimwona Mama mkubwa akijaribu kutafuta mtu wa kumlaumu. "Walikukataa," akasema. "Niambie walikukataa, niende sasa hivi, hivi hivi nilivyo."

"Hawakunikataa, mama. Sikufika mezani."

"Kwa nini?"

Nadhani hata leo Nildo hana jibu fupi, la kumtosha mtu aliyesimama na trei la mayai mkononi. Akasema tu, "Niliona siwezi."

Kutoka katikati ya uwanja Valdeci akaita, "Daktari yuko wapi? Aje amkate msichana kishungi cha kwanza. Aliyetangulia kozi ndiye mwenye kukata."

Watu wakaanza kupiga makofi wakimwita. Mama mkubwa alimtazama mwanawe, kisha akamtazama yule binti aliyejaa unga, na mama yake Tainara, fundi cherehani, ambaye alikuwa amekaa chini kabisa kwa furaha. Akauachia mkono wa Nildo.

"Nenda," akasema. "Leo ni siku ya mtoto wa watu."

Nildo akaenda, akapewa mkasi. Nilisogea karibu kwa sababu niliogopa angeanguka. Tainara aliinamisha kichwa, na chini ya kelele zote zile nikamsikia akimuuliza, "Kaka Nildo, wewe huogopi? Mimi naona kama wamekosea."

Alishika kishungi kilicholowa yai.

"Hawakosei," akasema. "Jina lako likisomwa, ni lako. Siku ya kujisajili nenda mapema. Usimpishe mtu yeyote."

Akakata. Watu wakashangilia, muziki ukaanza.

Nilimtafuta Mama mkubwa nikamkuta kwenye bomba la nyuma, ananawa. Mayai yalikuwa yameshatoka mikononi zamani, lakini alikuwa bado anasugua. Mimi ndiye mwenye shahada ya kusema na watu. Yeye ndiye aliyeanza, bila kugeuka.

"Mimi hubishana na kila mtu," akasema. "Nabishana na wanaoleta asai, nabishana na padri. Yule mlinzi aliniambia wazazi wabaki nje, nikakaa ukutani kutwa nzima kama mtoto mwenye adabu. Siku ile moja, Neide. Siku ile moja tu nikatii."

Akafunga bomba. Akajifuta kwa aproni, akanitaka nimpelekee Tainara taulo safi, kwa sababu yai likishakaukia kwenye nywele pamoja na unga ni kazi kubwa kulitoa.