Siku ajolote walipotiwa beseni moja

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu umelala juu ya mifereji ya Xochimilco na hauna haraka ya kuamka. Ndani ya banda la mabati, Herlinda Xolalpa anainama juu ya beseni na kushusha mnyoo majini, taratibu, kwa kibano cha mti.

Kiumbe cheusi kinainua kichwa. Kina miguu minne, mkia wa samaki, na matamvua yanayopepea pande mbili za shingo kama nywele za mtu anayeota. Kinafunua kinywa mara moja tu. Mnyoo umekwenda. Maji yanatulia.

"Kula, mama," Herlinda anamnong'oneza. "Kula, umalizie huo mguu."

Huyu ni ajolote, na jina lake Prieta, maana yake Mweusi. Mguu wake wa mbele upande wa kushoto ni mfupi kuliko wenzake, na vidole vyake vinapitisha mwanga wa dirishani. Mwezi Juni mguu huo haukuwapo kabisa.

Herlinda ana miaka hamsini na minane. Kwenye kipande cha shamba alichorithi katikati ya maji, analima saladi na maua ya njano ya Siku ya Wafu. Bandani anafuga ajolote. Weupe anawauza kwa watu wa mjini wanaopenda kufuga, kwa peso mia mbili na hamsini mmoja.

"Wanataka wawili wawili, kama ndala," anasema akicheka. "Nawaambia, chukua mmoja. Wananijibu, 'Atakuwa mpweke, bibi.' Upweke gani? Huyu haoni vizuri. Kitu kikitikisika mbele yake, anakibwakia. Awe mnyoo, awe dada yake."

Ndiyo maana bandani kila mmoja ana beseni lake. Wakitiwa pamoja, ni wale waliolingana ukubwa na kushiba tu. Dume na jike hukutanishwa kwa siku chache wakati wa baridi, kisha hutenganishwa. Jike akiachwa na dume mwaka mzima, hutaga mpaka akakonda.

Weusi si wa kuuza. Ni uzao wa wale ambao baba yake aliwatoa mferejini, kabla samaki wa kigeni hawajamaliza mayai yote. Wamebaki wawili tu, Prieta na dume mmoja. Herlinda amekwisha kuziba mtaro wa shambani kwa mawe na matete ili samaki wasipenye. Maji ni safi. Kilichokosekana ni watoto wa kuwatia humo.

Kisha, mwezi Juni, ikaja zamu ya nyumba yake kumpokea Mtoto.

Sanamu ya Mtoto Yesu hutembezwa nyumba kwa nyumba hapa mtaani, na nyumba inayompokea hulisha kila anayeingia. Familia husubiri zamu hiyo kwa miaka. Jikoni kwa Herlinda wanawake walikanda unga wa tamale, mikate ya mahindi inayopikwa kwa mvuke majanini, tangu juzi yake, na vyombo vikapungua. Tomasa, mama wa ubatizo wa bintiye, akatumwa kutafuta mabeseni.

Akayapata bandani.

"Niliwakuta wametengwa kama wafungwa," Tomasa anasema. Ameketi mlangoni, shali begani, na hajifichi. "Nikasema, siku ya Mtoto hakuna anayekula peke yake katika nyumba hii. Hata mbwa wa jirani amepewa sahani. Nikawamimina wote katika beseni kubwa, nikayasugua mengine kwa sabuni."

"Yalitoka meupe kweli," Herlinda anamchokoza.

"Nyamaza, shoga."

Kwa pilikapilika za sherehe, wanyama walikuwa hawajalishwa kwa siku mbili. Alasiri, tarumbeta zikiwa zinalia uani, Herlinda aliingia bandani kuchukua kuni. Maji yalikuwa mekundu kidogo. Weupe wadogo hawakuonekana tena, walikuwa wamemezwa na wakubwa; dume mweusi alikuwa mzima. Prieta alikuwa chini kabisa, hana mguu, na tamvua moja limenyofolewa.

Hakupiga kelele. Siku ya Mtoto mwenye nyumba halii mbele ya wageni. Aliwatenga waliosalia kwenye ndoo, akamhamishia Prieta kwenye sufuria ya maji baridi, akaifunika kwa kitambaa cha jikoni, akarudi uani kugawa mchuzi wa mole.

"Tomasa akaniuliza, 'Mbona mikono yako imelowa?' Nikamwambia, 'Nimeosha sahani.'"

Tomasa alijua kesho yake. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alikuja alfajiri na ndoo, akabadilisha maji ya sufuria, akaondoka. Akaja tena siku iliyofuata. Hajakosa hata leo.

Kwanza kidonda kilifunga. Kisha ikatokea chunusi mithili ya punje ya mahindi, ikarefuka, ikagawanyika. Asubuhi moja ya Oktoba, wanawake hao wawili walihesabu vidole vinne, wakakumbatiana juu ya beseni hadi maji yakawalowesha vifua.

Sasa ni Januari, na baridi imefika. Herlinda anachukua wavu na kumpa Tomasa.

"Mlete bwana harusi."

"Mimi? Thubutu! Mikono yangu ina mkosi."

"Mikono yako ndiyo iliyomfikisha hapa. Mlete."

Tomasa anamteka dume, anamshusha polepole kama anayelaza mtoto mchanga. Wote wawili wameshiba. Tumbo la dume limevimba kwa minyoo. Anaelea, anasogea, anamgusa Prieta ubavuni kwa pua. Prieta anatikisa mkia, anampita, kisha anageuka na kumfuata.

Herlinda anakusudia kuwaacha pamoja siku tatu. Mayai yakitagwa, atayalea hadi watoto waweze kujitafutia, kisha atawaachilia katika ule mtaro.

"Nenda kapike kahawa," anamwambia Tomasa.

Tomasa amekwisha kuvuta kigoda karibu na beseni. Wavu uko mapajani, macho yako majini.

"Pika wewe," anasema. "Mimi siondoki."