Sakafu ya Pudentienne

Nyumba ikionekana mbaya, bei inashuka. Nilimweleza hivyo Pudentienne mapema kabisa, kwa sababu kwa kushusha bei za vitu ndiko nilikopatia mkate maisha yangu yote.

Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, jirani yangu hapa Ndera. Mumewe alipofariki, watoto wakubwa wa mke wa kwanza walikuja na wakili wakidai urithi. Mahakama ikaamua nyumba iuzwe, kila mtu apate fungu lake. Kazi ya kuiuza akapewa Kalisa, umuhesha, yaani mtu anayetekeleza hukumu. Pudentienne aliruhusiwa kushindania nyumba mnadani kama mtu mwingine yeyote. Kikundi chake cha akiba cha kanisani kilimwahidi mkopo. Ukijumlisha na fungu lake ungetosha, mradi watu wasiitamani sana nyumba ile.

"Sikiliza, mama," nikamwambia. "Wiki hii usifyeke majani. Geti liache lining'inie hivyo hivyo. Sakafu usiiguse. Wanunuzi wakija kuangalia, wakute nyumba iko inalia."

"Italiaje na mimi niko ndani?"

"Basi nenda kwa dada yako kule Biryogo. Mimi nitawafungulia."

Akacheka. "Rwema, wewe ungeuza hata mama yako."

"Ningemnunua kwanza kwa bei ya chini."

Sakafu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Ilikuwa saruji ya kawaida tu, lakini tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi alikuwa akiisugua kwa nta nyekundu kila Jumamosi, kwa magoti, mpaka ukisimama mlangoni unaliona dirisha liko chini ya miguu yako.

Siku ya wanunuzi kuja kuangalia, harufu ya nta ilinipokea kabla sijafika getini. Majani yamefyekwa. Geti limenyooshwa. Chai ya maziwa iko mezani na vikombe vya harusi, naye kavaa kitenge cha misa.

"Mama, umefanya nini?"

"Watu waingie kwa marehemu wakute uchafu?"

"Wanakuja kukutoa!"

"Wakifika mlangoni ni wageni, Rwema. Shika hiyo sahani."

Akaja mwanamke mmoja, Lillian, wa ofisi za Kimihurura. Alivua viatu mwenyewe bila kuambiwa. Akanywa vikombe viwili, kisha akamwambia Kalisa, bila hata kupunguza sauti, "Nyingine zote nilizoona zinataka fundi. Hii unahamia kesho."

Pudentienne akamshukuru. Akamshukuru!

Mnada siku hizi unafanyika kwenye simu. Tulikaa kwenye ngazi yake, mimi nikibonyeza. Kila tukipandisha bei, mtu anapandisha juu yetu. Tulipofika mwisho wa mkopo, akaniuliza, "Sasa?" Nikamwonyesha kioo cha simu. Lillian alikuwa ametupita, wala si kwa mbali. Pudentienne aliangalia ile namba, kisha akaingia ndani kuosha vikombe.

Siku ya kukabidhi, vitu vyote vilikuwa kwenye lori, tayari kwenda kwa dada yake. Kalisa akanyoosha mkono apewe funguo. Pudentienne alikuwa bado ndani, kapiga magoti, anapiga deki kwa tambara huku akirudi kinyumenyume. Alipofika nje ya mlango na kusimama, akajikuta yuko peku. Viatu vyake vilibaki chini ya dirisha, ng'ambo ya sakafu mbichi.

"Ingia uvichukue, mama," Kalisa akasema. "Lori linasubiri."

"Bado haijakauka."

"Lakini si nyumba yako tena."

"Ndiyo. Ni ya mtu sasa. Nitaikanyagaje mbichi?"

Kalisa akashusha mkono. Akaenda kumwambia dereva azime injini. Tukangoja watatu pale mlangoni, tunaangalia maji yanavyokauka vipande vipande, na wekundu unavyorudi.

Ilipokauka yote hakuingia. Alikuwa ameshika mwimo wa mlango, haachii.

"Rwema," akasema, "viatu niletee wewe."

Nikavua vyangu, nikaingia.